Kuta zimesimama, huduma imekatika: majengo ya afya ya Tanga yako tayari kwa hali ya hewa inayobadilika?

Mzawa wa Chumbageni (mleta uzi)

Asalaam aleikum, na salamu kwa wanajukwaa wa imani zote.

Kila masika yanapokaribia tunasikia viongozi wakiwahimiza wakazi wa mabondeni wahame, mitaro izibuliwe na wavuvi wafuate tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza iwapo wodi ya wazazi ya kituo cha afya cha kata yake itaweza kufanya kazi mvua hiyo ikinyesha usiku kucha, umeme ukiwa umekatika na barabara ya kwenda hospitali ya rufaa imemezwa na maji. Swali hilo ndilo ninalotaka tulijadili hapa, na naomba tusitoke nje yake.

Tumezoea kuliita jengo salama kwa kuwa halikuanguka. Shirika la Afya Duniani na ofisi yake ya nchi za Amerika walitengeneza kipimo cha usalama wa hospitali kinachotazama mambo matatu: kwanza mwili wa jengo, yaani msingi, nguzo na mihimili, pili vyote visivyobeba jengo, kama vile paa, dari, madirisha, umeme, maji, oksijeni na mashine, tatu utayari wa watu wenyewe. Ukifuatilia hospitali zilizolazimika kuhamisha wagonjwa kwa sababu ya dhoruba, utaona kwamba nyingi zilishindwa katika jambo la pili huku la kwanza likiwa halina ufa hata mmoja.

Mfano ulio wazi ni New York, Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoisukuma bahari hadi mitaani. Katika hospitali ya NYU Langone umeme wa dharura ulizimika, na wauguzi wakawateremsha ngazi watoto wachanga 20 wa chumba cha uangalizi maalumu, baadhi yao wakisaidiwa kupumua kwa mkono hatua kwa hatua. Jirani yao, hospitali ya Bellevue, jenereta zilikuwa juu, ghorofa ya 13, lakini pampu za kupandishia mafuta zilikuwa chini ya ardhi. Pampu zikafurika, na watu wakapokezana madumu ya mafuta kwenye ngazi. Miaka saba kabla ya hapo, baada ya kimbunga Katrina, hospitali ya Memorial ya New Orleans ilikaa siku kadhaa bila umeme katika joto kali, na miili 45 ilitolewa humo. Majengo hayo yote yalibaki wima.

Nasi tusijidanganye kwamba hayo ni ya mbali. Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, kikang'oa mapaa ya sehemu za Hospitali Kuu ya mji na kuharibu vyumba vya upasuaji katika siku zile zile ambazo majeruhi walikuwa wengi zaidi. Mwezi uliofuata Kenneth akaingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Mei 2024 Hidaya akafika Mafia kabla ya kudhoofika. Hapa mkoani kwetu, Oktoba 2019, mvua zilikata barabara Handeni na Korogwe. Na barabara ikikatika, kituo cha afya cha upande wa pili hugeuka kuwa hospitali ya rufaa bila kutaka.

Hewa inapopata joto kwa nyuzi moja ya selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, ndiyo maana mvua inayoshuka sasa hushuka kwa kishindo kuliko ile ambayo mitaro na mapaa yetu yalipimiwa. Halafu tunajenga kwa ramani za mfano za nchi nzima. Mkoa wa Tanga una Lushoto, ambako muuguzi wa zamu ya usiku huvaa sweta, na una Pangani, ambako hata alfajiri shuka hulowa jasho. Ramani ile ile, dari ya kimo kile kile, madirisha ya ukubwa ule ule. Waliojenga jengo la kale la Bombo, hospitali ya mkoa wetu, enzi za Wajerumani hawakuwa na neno "mabadiliko ya tabianchi", lakini waliliweka juu, likitazama bahari, wakaliwekea kuta nene na varanda za kivuli. Sisemi turudi kwa Wajerumani. Nasema walikitazama kiwanja kabla ya kuchora.

Wauguzi, mafundi na wahandisi mliomo humu, karibuni.

Zamu ya Usiku

Nashukuru kaka kwa kulileta hili. Mimi ni muuguzi mkunga, nimefanya kazi mwambao huu miaka mingi, na kwa sababu za kikazi sitataja kituo chochote.

Watu wakisikia usalama wa jengo hufikiria kimbunga. Mimi huanza na joto, kwa kuwa kimbunga ni cha kusikia lakini joto la Januari hadi Machi ni la kila mwaka na linazidi. Wodi yenye bati bila kizuizi chochote juu ya dari hupokea jua mchana kutwa, na usiku, wakati nje kumeanza kupoa, dari hurudisha lile joto juu ya vitanda. Unyevu wa pwani ukiwa mwingi, jasho halikauki mwilini, na mwili uliozoea kujipoza kwa jasho hubaki hauna njia. Wanaoumia kwanza ni wazee, wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo au figo, na wale wanaotumia dawa za kukojosha au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, ambazo hupunguza maji mwilini au kuzuia kutoa jasho. Baada yao ni muuguzi mwenyewe, ambaye amevaa aproni ya plastiki na glavu, hajapata nafasi ya kunywa maji, na anatakiwa kukokotoa dozi ya mtoto saa tisa usiku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Sijui kwa nini tunapoisoma huwa tunawaza viwanda tu.

Hata hivyo naomba tusikimbilie kusema "wekeni viyoyozi". Chumba cha kujifungulia kinatakiwa kiwe na joto lisilopungua nyuzi 25, kwa sababu mtoto mchanga aliyelowa hupoa upesi mno. Nimeona kiyoyozi kikiwashwa kwa ajili ya kumpumzisha mama, na mtoto akaanza kuwa wa baridi mikononi mwetu. Kinachotakiwa ni jengo lisilogeuka tanuri.

Dawa nazo zina lake. Oksitosini, ambayo ndiyo tegemeo letu mama anapotokwa na damu nyingi, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, sawa na chanjo nyingi. Umeme ukikatika usiku kucha na jokofu likapoteza ubaridi, dawa haibadiliki rangi wala harufu. Itachomwa kama kawaida na haitafanya kazi kama inavyotarajiwa. Dawa nyingine nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na stoo ya kawaida iliyo chini ya bati hapa pwani huvuka kiwango hicho mchana bila mtu kushtuka.

Jambo la mwisho, ambalo huenda mhandisi atacheka: vigae vya sakafuni. Vinang'aa, vinasafishika, na wageni wa siku ya uzinduzi huvisifu. Mvua ya upepo ikiingia kupitia varanda huwa utelezi mtupu, na anayekimbia juu yake akiwa na trei ya sindano ni mimi. Tulipolazimika kusogeza vitanda kwa sababu ya dari kuvuja, kitanda hakikupita mlangoni. Ilibidi mama mwenye dripu ashuke atembee. Hakuna muuguzi aliyeulizwa upana wa mlango ule wakati ramani ikiwa bado karatasi.

Kokoto na Saruji

Dada, sicheki. Mimi ni mhandisi wa majengo, na utelezi ni jambo la usalama kama nguzo ilivyo.

Naomba nimpinge mleta uzi mahali pamoja. Tanga iko karibu latitudo ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na vimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kujisokota. Karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu, kwa hiyo ni nadra kimbunga kufika kwetu kikiwa na nguvu zake zote. Kimbunga kikubwa cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja na kuharibu misheni ya Bagamoyo, lakini Pemba, ambayo iko sambamba na sisi, ilinusurika. Tukiwatisha watu kwa Beira, fedha chache tulizonazo zitakwenda kwenye hofu isiyo kubwa na kuacha hatari ya kila mwaka, nayo ni maji na joto, kama Sista alivyoeleza.

Kwa upande wa maji, kosa kubwa hufanyika kabla ya jiwe la msingi. Mara nyingi kijiji hutoa ardhi ya bondeni kwa ajili ya zahanati kwa sababu ardhi ya mwinuko ina minazi na mikorosho ya watu. Kiwanja cha bure ndicho ghali kuliko vyote. Ukishajenga hapo, hutainua tu sakafu. Utapaswa kuinua shimo la kondo, yaani la kufukia kondo la nyuma baada ya uzazi, tanuri la taka na karo la maji taka, maana mafuriko yakiingia humo, kilichokuwa kimefukiwa husambaa hadi kwenye kisima cha jirani. Nimekagua eneo ambako jengo lilikuwa kavu kabisa na shimo la kondo lilikuwa limefurika.

Kwa upande wa joto, upande mrefu wa wodi utazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Hilo halina gharama yoyote endapo litaamuliwa siku ya kupima kiwanja. Paa liwe jeupe au lenye kung'aa, kwa kuwa rangi ya maruni na ya bluu tunayoipenda hunywa jua. Juu ya dari pawe na matundu ya kutolea hewa moto kwenye kilele, na kingo za paa zitokeze vya kutosha kukinga dirisha jua na mvua.

Fundi Kenchi wa Makorora

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za kazi.

Mhandisi nakubaliana naye kuhusu jua, ila kuhusu upepo naomba nimwongeze. Paa halisubiri kimbunga chenye jina. Upepo wa mvua ya radi wa dakika 10 umeshang'oa mapaa ya shule ngapi katika nchi hii? Na nguvu ya upepo haipandi kwa kufuata kasi peke yake: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne.

Wengi hudhani upepo hukandamiza paa. Upepo hulinyonya paa kwenda juu, hasa kwenye pembe, kwenye kilele na kwenye kingo zilizotokeza. Kisha ukipata dirisha lililofunguka au kioo kilichovunjika, huingia ndani na kusukuma kutokea chini. Hapo paa huvutwa kutokea juu na kusukumwa kutokea chini kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kulifunga paa lisiende juu, na kufunga huko ni mnyororo: bati kwenye papi (mbao za kupigilia bati), papi kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi kwenye mbao ya ukutani, mbao ya ukutani kwenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), linta kwenye nguzo hadi msingi. Pingu moja ikikosekana, zilizobaki hazina maana.

Ninachokiona kwenye majengo mengi ni kwamba kenchi imepigiliwa misumari miwili ya mshazari na basi. Msumari hushikilia vizuri mbao isiteleze pembeni, lakini ukivutwa kwa urefu wake hutoka. Dawa yake ni ukanda wa chuma unaozunguka kenchi na kushuka ukutani, au nondo iliyoachwa kwenye linta tangu kumwaga zege, ikakunjwa juu ya mbao. Bati nalo liwe nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na kwa jengo la afya nisingependa kushuka chini ya hapo. Kwenye pembe na kingo misumari ya bati iwekwe karibu karibu zaidi kuliko katikati.

Hapa kwetu kuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Kuanzia Raskazone hadi Mwambani na Tongoni, msumari wa kawaida hula kutu upesi. Juu unaona kichwa kizima, chini yake shina limebaki uzi. Mjini wanakagua rangi ya kuta kila mwaka, na hakuna anayepanda darini.

Mzawa wa Chumbageni

Mhandisi, nakubali kwamba hatari ya Tanga si sawa na ya Beira, na nakushukuru kwa mfano wa Pemba. Lakini ukanda wa chuma alioutaja fundi ni sehemu ndogo mno ya gharama ya jengo, na unafaa kwa upepo wa radi na wa kimbunga vilevile, kwa hiyo sioni kama tunalazimika kuchagua.

Nataka nirudi kwenye madirisha, kwa sababu humo ndimo mambo mawili mema yanapogombana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba wodi ya kawaida inayotegemea upepo wa asili ipate lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na chumba cha magonjwa ya hewani, kama kifua kikuu, lita 160. Hewa hiyo hupatikana dirisha linapotazamana na dirisha, kusi iingie upande mmoja na kutoka upande wa pili, na msimu wa kaskazi vivyo hivyo. Tukifunga madirisha ili kiyoyozi kipoze chumba, tumewapoza wagonjwa huku tukiwachanganyia pumzi, na muuguzi anazivuta zote. Tukiyafungua bila nyavu, tumewaletea malaria. Tukiweka nyavu, upepo unapungua. Njia iliyopo ni kuyafanya madirisha yawe makubwa zaidi tangu mwanzo ili yafidie nyavu, na kuweka feni za dari. Hapo ndipo ramani ile ile inayotumika kwenye baridi ya Lushoto inapotuumiza.

Kuhusu umeme, naomba kila aliye karibu na kituo cha afya akatazame jenereta ilipo. Je, imekaa juu ya jukwaa lililoinuka, au iko mahali pa chini kabisa pa kiwanja kwa sababu ndipo kelele zake haziwafikii watu? Na swichi inayobadilisha umeme iko wapi? Mashine za kuzalisha oksijeni husimama umeme ukikatika. Mtungi husimama pale unapokwisha. Kituo chenye mashine bila mtungi wa akiba hakina oksijeni ya dharura, hata kama kwenye vitabu imeandikwa ipo. Mtungi nao ufungwe ukutani kwa mnyororo.

Maji nitayataja kwa ufupi. Mji wa Tanga hunywa maji ya bwawa la Mabayani, yanayoletwa na mto Zigi kutoka Amani. Mvua kubwa ikileta tope, kazi ya kuyasafisha huwa ngumu wakati ule ule mahitaji ya hospitali yanapoongezeka. Kipimo nilichokitaja mwanzo hutaka akiba ya lita 300 kwa kitanda kwa siku, kwa siku tatu. Kwa kituo cha vitanda 20 hizo ni lita 18,000. Tangi moja la lita 5,000 tulilolizoea halifiki hata theluthi.

Mjumbe wa Kamati

Naandika nikiwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya kata, si mtaalamu. Haya yote ni kweli, lakini wananchi hujitolea kuinua boma kwa nguvu zao, kisha husubiri fedha za kupaua. Fedha zikija huwa zimepangwa kwa idadi ya bati na mbao, na zina muda wa kutumika. Nikisimama kwenye kikao na kudai madirisha makubwa zaidi na ukanda wa chuma, naulizwa kama nataka fedha zirudi. Ramani hatuna mamlaka ya kuibadilisha. Nisaidieni: ni lipi ninaloweza kulidai bila kugusa ramani?

Kokoto na Saruji

Mzee wangu, yapo mengi. Mwelekeo wa jengo kiwanjani, kimo cha sakafu juu ya ardhi, rangi ya bati, mahali pa jenereta na pa shimo la kondo, na namna ya kufunga kenchi: hayo huamuliwa kiwanjani, mhandisi wa halmashauri akiwepo. Yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla fundi hajaanza. Mabadiliko ya madirisha yaombwe kwa maandishi kupitia kwa mhandisi wa wilaya, tena mapema, boma likiwa bado kwenye msingi. Ukisubiri hadi linta, umechelewa.

Zamu ya Usiku

Nami naomba jambo moja liongezwe kwenye muhtasari huo: muuguzi atakayefanya kazi humo awe mjumbe wa kamati tangu kupima kiwanja, na siku ya makabidhiano asisaini mpaka kitanda chenye mgonjwa, dripu na mtungi kimesukumwa kutoka wodini hadi nje kupitia kila mlango, na jenereta imewashwa huku umeme wa gridi umezimwa kweli kweli. Mganga mfawidhi huhudhuria makabidhiano, lakini usiku si yeye anayesukuma kitanda.

Fundi, nina swali. Jengo tulilomo lilikwisha kupauliwa zamani. Nitajuaje kama kenchi zimefungwa bila kubomoa dari?

Fundi Kenchi wa Makorora

Sista, kila dari huwa na mlango mdogo wa kupandia, aghalabu korido au stoo. Mwombe mtu apande mchana na tochi, akanyage juu ya mbao asikanyage bodi, aende hadi kwenye pembe za jengo, maana pembeni ndiko upepo huanzia. Atazame mahali kenchi inapolalia ukuta. Akiona ukanda wa chuma au nondo imekunjwa juu ya mbao, avute kwa mkono aone kama imelegea au imeliwa na kutu. Akiona misumari mitupu, au nondo zilizokatwa usawa wa ukuta, apige picha kila kenchi moja moja, kwa kuwa mara nyingine zimefungwa za mbele peke yake ambazo mkaguzi aliziona.

Kama hazikufungwa, si lazima kuezua. Ukanda unaweza kuzungushwa kutoka ndani, ukashushwa ukutani na kufungwa kwa bolti kwenye linta, kuanzia pembe nne na kilele, kisha kingo, katikati mwisho. Ifanyike kiangazi, na wodi ihamishiwe upande mmoja kwa awamu, kwa sababu kutoboa linta hutoa vumbi jingi na wagonjwa wa kifua hawapaswi kulivuta.